Ukipigwa kalamu kiwandani, usirudi Mitunguu mikono mitupu

Mitunguu hakuna haja ya kalenda kujua kwamba mwisho wa mwezi umefika. Foleni kwa ajenti wa M-Pesa inarefuka, mwenye duka anafungua kile kitabu chake cha madeni, na mzazi aliyekuwa na uso mzito wiki nzima anaanza kutabasamu. Pesa imetumwa kutoka Nairobi. Kuna mtoto wa nyumba hiyo aliyepanda matatu Nkubu miaka fulani iliyopita, akapata kazi Industrial Area au Mombasa Road, na tangu hapo karo ya wadogo zake na dawa za presha za nyanya zinamtegemea yeye.

Halafu mwezi mmoja simu inanyamaza. Siku tatu zinapita, wiki inapita, kisha ujumbe unaingia: "Mathe, nimesimamishwa. Wanasema uchumi ni mbaya."

Na nyumbani swali la kwanza huwa lile lile. "Kwani ulifanya nini?"

Kijana mwenzetu, leo tunataka kulijadili swali hilo, kwa sababu linaumiza na pia halisaidii. Mtu anayepunguzwa kazi kiwandani mara nyingi hajafanya kosa lolote. Hakuiba, hakuchelewa, hakumtusi msimamizi. Kampuni imekaa chini, ikapiga hesabu zake, ikaona bora kazi yake isiwepo tena. Sheria ya Kenya inatofautisha kabisa kufutwa kwa makosa na kupunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, na tofauti hiyo ina thamani ya pesa. Shida ni kwamba vijana wengi huijua siku wamekwisha kusaini karatasi wasiyoisoma na kutolewa nje ya geti.

Jina lilibaki, kazi ikaenda

Rudi nyuma kidogo hadi 2016. Mwaka huo kampuni ya Sameer Africa ilitangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha tairi jijini Nairobi. Wazazi wetu walikijua kiwanda hicho kwa jina la Firestone, kampuni iliyoandikishwa nchini 1969. Tairi zake za Yana zilijulikana nchi nzima, kuanzia kwa magari madogo hadi malori na trekta. Ukiona pikapu iliyojaa mikungu ya ndizi ikipanda kutoka Mitunguu kwenda Nkubu enzi hizo, huenda ilikuwa inakanyaga barabara kwa mpira uliopikwa na Mkenya mwenzako.

Wafanyakazi wapatao 600 walimwaga unga. Sababu iliyotolewa haikuwa ngeni: tairi za bei ya chini kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa sokoni, na kutengeneza hapa kulikuwa kunagharimu kuliko kuagiza. Lakini hebu angalia kilichofuata. Kampuni haikuacha kuuza Yana. Iliamua zitengenezwe na viwanda vya Uchina na India, kisha ziletwe hapa ziuzwe. Jina lilibaki dukani, kazi ndiyo iliyosafiri.

Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Mnamo 2014, Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru, betri zile za tochi na redio tulizozoea nyumbani, ikaanza kuuza zilizotengenezwa Misri. Mnunuzi dukani hakuona mabadiliko makubwa. Aliyeyaona ni yule aliyekuwa akiamka saa kumi na moja asubuhi kuwahi zamu.

Unaweza kusema, "Basi tusinunue vitu vya nje." Ni rahisi kusema. Lakini mwenye pikapu ya ndizi akienda kutafuta tairi, na moja ni bei nafuu kuliko nyingine kwa maelfu ya shilingi, atachukua gani? Naye ana mkopo wa Sacco, ana dereva wa kulipa, na bei ya ndizi yenyewe hupangwa na dalali. Hatuwezi kumlaumu. Wala hatuwezi kusema kila kampuni inayopunguza watu ina roho mbaya. Wakati mwingine hesabu zinakataa kweli kweli. Mwaka 2020, korona ilipoingia, takwimu za serikali zilionyesha nchi ikipoteza zaidi ya ajira 700,000. Hizo zote hazikupotea kwa sababu mabosi waliamka wakiwa na hasira.

Kwa hivyo tukubaliane kwamba uchumi ukiharibika, kazi zitapungua. Tunachokataa ni ile hatua ya pili ambayo hupitishwa kimyakimya: kwamba kwa kuwa uchumi ni mbaya, mfanyakazi ndiye abebe hasara yote peke yake. Uchumi mbaya unaeleza kwa nini kampuni inapunguza watu. Hauelezi kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka minane aende nyumbani na nauli tu.

Waliokataa kutoka

Tazama kilichotokea Uingereza wakati dunia nzima ilikuwa imebanwa na ule mporomoko wa uchumi wa 2008 na 2009. Kulikuwa na kampuni ya vipuri vya magari iitwayo Visteon, iliyozaliwa ndani ya Ford na kutengwa nayo mwaka 2000. Tarehe 31 Machi 2009, tawi lake la Uingereza lilitangazwa kuwa halijiwezi kifedha, na wafanyakazi karibu 600 wa viwanda vya Belfast, Enfield na Basildon wakaambiwa kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Wengine walikuwa wamehudumu miongo kadhaa. Walipokuwa chini ya Ford waliahidiwa kwamba masharti yao hayatabadilika, lakini sasa waliambiwa wapokee kile kiwango cha chini kinachotolewa na serikali.

Walikataa. Wakaingia viwandani mwao na kukaa humo. Walioendelea na mgomo huo, hasa Belfast, walishikilia wiki kadhaa, na mwezi wa Mei wakapata malipo bora kuliko yale ya mwanzo. Suala la pensheni lilichukua muda mrefu zaidi. Ford ilikubali kulipa fidia mwaka 2014.

Hatukuambii ukavamie kiwanda. Tunakuonyesha kitu kimoja. Wale watu walikuwa na idadi kama ya wale wa tairi hapa Nairobi, na walikuwa ndani ya mporomoko mkubwa kuliko wote tuliouona maishani mwetu. Bado pesa zilipatikana. Zilipatikana kwa sababu walikuwa na chama kimoja nyuma yao, walikuwa na ahadi iliyoandikwa, na walijua ahadi hiyo inasema nini. Mtu asiye na karatasi wala wenzake hawezi kubishana na neno "uchumi".

Sheria inasemaje hapa kwetu

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 ina kifungu cha 40. Kishike kichwani kama unavyoshika PIN ya M-Pesa. Kinasema kampuni haiwezi kumpunguza mfanyakazi kwa sababu kazi imekwisha bila kufuata hatua hizi:

Kwanza, kama uko katika chama cha wafanyakazi, chama hicho pamoja na afisa wa leba wa eneo lenu wapewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Kama huko katika chama, wewe mwenyewe unaandikiwa barua, na afisa wa leba naye anajulishwa. Kuambiwa kwa mdomo getini hakutoshi. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi, "kesho usikuje", si barua.

Pili, uteuzi wa nani aende na nani abaki unatakiwa kuzingatia muda mtu aliotumikia, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa. Haufai kuwa njia ya kumtoa mtu anayeuliza maswali mengi, au kumwachia nafasi binamu wa meneja.

Tatu, siku zako za likizo ambazo hukuzitumia zinalipwa kwa pesa.

Nne, unapewa notisi ya angalau mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake.

Tano, na hii ndiyo wengi huikosa: unalipwa fidia ya kuachishwa isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ulikuwa unalipwa 30,000 kwa mwezi, na umefanya kazi miaka minane. Kwa hesabu rahisi ya mwezi wa siku 30, siku moja ni 1,000. Siku 15 ni 15,000. Mara miaka minane ni 120,000. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja wa notisi, 30,000. Kama una siku kumi za likizo, ongeza 10,000. Jumla ni 160,000, kabla ya makato. Hiyo si zawadi wala huruma ya bosi. Ni deni lako.

Sasa linganisha na yule anayeambiwa, "Tumekuongezea elfu kumi ya nauli, saini hapa." Akasaini. Karatasi yenyewe imeandikwa kwamba amepokea haki zake zote na hana madai mengine. Ndiyo maana tunasema usisaini kitu getini ukiwa na machozi. Omba nakala, nenda nayo, isomwe na mtu anayeelewa.

Mtego wa kibarua

Najua unachowaza. "Mimi hata barua ya kuajiriwa sina. Naitwa kibarua."

Hapo ndipo pameoza zaidi. Viwandani kuna vijana wanaoitwa vibarua mwaka wa tatu sasa. Wanaingia kila asubuhi kwa geti lile lile, wanasimama kwa mashine ile ile, wanalipwa kwa wiki, na kila wakiuliza kuhusu kandarasi wanaambiwa wasubiri. Kazi zikianza kupungua, hao ndio wa kwanza kutoka. Na hawahesabiwi hata kidogo. Kampuni inatangaza imepunguza watu 40, kumbe vibarua 100 waliacha kuitwa mwezi uliotangulia, na hakuna gazeti lililoandika.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 2007 ina kifungu cha 37. Ukifanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi mmoja au zaidi, au ukipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu kwa jumla, wewe si kibarua tena machoni pa sheria. Unaingia katika kundi la wafanyakazi wanaostahili notisi na haki nyingine. Jina unaloitwa na msimamizi halibadilishi hilo.

Tatizo ni ushahidi. Mahakama haiwezi kuona kitambulisho cha geti ulichokirudisha, wala pesa ulizolipwa mkononi bila kusaini popote. Kwa hivyo anza leo, ukiwa bado uko kazini:

Kama unalipwa kwa simu, usifute zile jumbe. Ikiwezekana toa taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo na uihifadhi. Sheria inakupa haki ya hati ya malipo inayoonyesha mshahara na makato, kwa hivyo iombe. Angalia rekodi yako ya NSSF uone kama michango inayokatwa inafika kweli. Piga picha ratiba ya zamu yenye jina lako. Weka nakala ya kandarasi kama unayo, na kama huna, iulizie kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi tu. Ujumbe huo nao ni ushahidi.

Kama kuna chama cha wafanyakazi mahali unapofanya kazi, jiunge. Tunajua mnasema vyama ni vya wazee wanaokula ada. Wengine ni hivyo kweli. Lakini kazi zikianza kupunguzwa, kampuni italazimika kukiandikia chama, na chama kitakaa mezani na kuuliza kwa nini huyu na si yule. Wewe peke yako utamuuliza nani? Mlinzi?

Na ukiondoka, usisahau cheti cha huduma. Ni haki yako kwa mujibu wa sheria, mradi umefanya kazi wiki nne au zaidi. Kinaonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Bosi hawezi kukinyima kwa sababu mlikosana.

Ukihisi umedhulumiwa, ofisi ya leba ndiyo mlango wa kwanza. Ikishindikana kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hadi Meru mjini. Lakini usilale: una miaka mitatu ya kufungua kesi, na miaka mitatu hupita haraka ukiwa unatafuta unga.

"Rudi shambani"

Kuna ushauri mmoja ambao kila aliyepoteza kazi Nairobi hupewa akifika nyumbani. Rudi shambani. Na Mitunguu ushauri huo unasikika vizuri kuliko mahali pengi. Maji ya mradi wa unyunyizaji yamekuwa yakifika mashambani tangu miaka ya 1980, jua ni la kutosha, ndizi na mapapai yanakubali. Kila siku kuna lori linapakia kwenda Nairobi. Kwa nini kijana ateseke mjini?

Hatupingi kilimo. Tunapinga kukifanya kilimo kuwa jibu la bure. Mgomba ukipandwa leo, utakaa takriban mwaka mmoja kabla hujakata mkungu wa kwanza. Mwaka huo utakula nini? Miche inanunuliwa, mbolea inanunuliwa, mabomba na vichwa vya kunyunyizia maji vinanunuliwa. Shamba lenyewe huenda ni robo ekari ambayo ndugu wanne wanaiangalia. Anayekwambia "jiajiri" bila kukuuliza una mtaji gani anakutakia mema tu, hajakusaidia.

Na hapa ndipo zile 160,000 zinapoingia. Kwa kijana wa Mitunguu, fidia ya kuachishwa kazi si pesa ya kujifariji. Ndiyo mwaka mmoja wa kusubiri mkungu. Ndiyo mabomba. Ndiyo karo ya mdogo wako isiyokatika katikati ya muhula. Akinyimwa hiyo na kisha akaambiwa arudi shambani, tumemwambia aanze safari tukiwa tumempasulia tairi.

Pia usikubali kuambiwa umerudi bure. Kama ulikaa miaka minane ukiendesha mashine ya kukandamiza mpira, au ukikagua vipuri, au ukitengeneza umeme wa kiwanda, una ujuzi hata kama huna diploma. NITA ina mitihani ya ufundi ya serikali ambayo mtu aliyejifunzia kazini anaweza kufanya na kupata cheti. Gereji za Nkubu na Meru zinahitaji watu wanaojua kutofautisha spea nzuri na bandia. Pampu za maji za wakulima wenzako huharibika kila wiki, na fundi huitwa kutoka mbali.

Wenye mamlaka nao wana neno la kusikia. Kenya haina mfuko wa bima unaomshika mkono aliyepoteza kazi hadi apate nyingine, kwa hivyo fidia ya kifungu cha 40 ndiyo mto pekee ambao wengi wataangukia. Kama ndivyo, basi afisa wa leba asiwe mtu wa kupokea barua na kuziweka kwenye faili. Aende kiwandani ahesabu vibarua. Na serikali inapotupa hotuba kuhusu viwanda vipya na kununua bidhaa za Kenya, ianze na ununuzi wake yenyewe: magari ya serikali na ya kaunti yanavaa tairi, yanatumia betri na vichujio kila mwaka. Pesa hizo ni zetu. Tuna haki ya kuuliza zinalipa mshahara wa nani.

Lakini hatutasubiri serikali ndipo tuongee na mama zetu. Mwezi ujao, au mwaka ujao, ujumbe kama ule utaingia tena kwenye simu fulani Mitunguu. Huenda ukatoka kwa kaka yako. Huenda ukatoka kwako. Aliyeutuma ameketi kwenye chumba cha kupanga, amejiangalia kwa kioo, na tayari amejiuliza alikosea wapi. Usimuulize tena alifanya nini.

Muulize: "Walikupa barua? Imeandikwa nini? Umesaini chochote?" Kisha mwambie apige picha hiyo barua aitume, muisome pamoja kabla hajapanda gari la kurudi nyumbani.